Kiti cha Mbele cha Melenaite

Sosaia Fifita aliuza basi lake dogo mwezi wa tano, siku ya Jumanne, na hata chozi hakudondosha. Waliolia ni wenzake wa kwaya. Basi lile la viti kumi na viwili lilikuwa limewabeba miaka tisa, wao na viazi vikuu vyao na nguruwe wao wa harusi, bila hata mmoja kuuliza mafuta yanatoka wapi. Ndivyo tulivyo hapa kijijini Niutoua, Tonga: gari ni la wote, mafuta ni ya mwenye gari.

Lakini watoto walishahamia Auckland, pensheni ya ukarani haikui, na petroli inapanda kila ukigeuka. Na lile basi lilikunywa kama mlevi siku ya mshahara. Safari ya lazima ilibaki moja tu: kumpeleka dada yake, Melenaite, hospitali mjini mara tatu kwa wiki akasafishwe kidonda cha mguu. Melenaite alikuwa na kisukari. Mjane, hana mtoto, na tangu mama yao afariki, Sosaia hakuwa na mtu aliye juu yake duniani ila yeye. Kwa basi, safari zile zisingefika Krismasi. Kwa gari dogo zingeendelea mpaka kidonda kifunge, na hilo ndilo Sosaia alilolitaka kuliko jambo lolote.

Akaenda yadi ya magari ya mitumba, ileile aliyoiuzia basi, akalala chini kukagua chasisi, akabonyeza matairi, akamketisha mkewe Lavinia kiti cha nyuma.

"Unaenea?"

"Magoti yamenifika mdomoni, lakini naenea. Nunua twende, jua linaniunguza."

Akanunua. Kigari cha buluu, milango minne, injini inalia kama cherehani.

Hapo ndipo alipokosea, na mimi simcheki, maana ningekosea vilevile. Alikipima kwa mke. Hakukipima kwa dada.

Kwetu Tonga, kaka na dada wakishapevuka hawakaribiani. Hawalali nyumba moja, hawataniani, hawatazami sinema pamoja. Dada akiingia, kaka hutoka. Si chuki, ni heshima, na dada ndiye wa juu. Ndani ya basi Melenaite alikaa kiti cha mwisho kabisa, Sosaia yuko kwenye usukani, safu tatu tupu katikati yao. Salamu ya kwenda, salamu ya kurudi, basi.

Jumatano akakileta kigari mlangoni kwa dada yake. Melenaite akatoka na fimbo, mkeka wa heshima ameufunga kiunoni kama ilivyo desturi yetu, akasimama. Akakitazama kiti cha nyuma. Akakitazama kisogo cha ndugu yake pale kilipo.

"Wifi," akamwambia Lavinia, maana neno kama lile humwambii kaka usoni, "mwambie mumeo mimi humo siingii."

"Wifi jamani! Nitakaa katikati yenu."

"Katikati ipi? Nikipiga chafya namlowesha shingo. Siingii."

"Na kidonda je?"

"Kidonda ni changu."

Sosaia aliyasikia yote, akajifanya anafuta kioo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Lavinia hakujua kuendesha, kwa hiyo jirani mwenye pikapu alimpeleka Melenaite mara mbili. Mara ya tatu akasingizia breki. Basi la abiria ngazi yake ni ndefu, mguu haukukubali. Sosaia akarudi yadi kuliomba basi lake, akaambiwa limeshavushwa kisiwa kingine. Akamtuma mchungaji, mchungaji akarudi ametahayari. Wiki tatu zikapita hivyo. Lavinia alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, mpaka asubuhi moja akarudi nyumbani akasema.

"Baba Siale, kinanuka."

Sosaia hakusubiri chai. Akaenda, akaketi chini nje ya mlango wa dada yake, uso ameugeuzia uwanjani.

"Dada, nisamehe. Niliangalia mafuta, sikukuangalia wewe. Niambie nifanye nini. Ukitaka niendeshe nimejifunika shuka kichwani, nitaendesha."

"Utatuua wote, mjinga wewe," sauti ikatoka ndani. Akamsikia anacheka, halafu anaugulia maumivu.

"Kilete hicho kigari."

Lakini mguu ulikuwa umevimba, haukunjiki. Nyuma haukuingia, ukigeuza huku hauingii, ukigeuza kule hauingii. Ulienea mbele tu, kiti kikisukumwa mpaka mwisho, bega kwa bega na dereva. Lavinia alibaki ameshika mlango, hajui pa kutazama.

"Sosaia," Melenaite akasema, na hakuwa amemwita kwa jina miaka mingi. "Mkubwa hapa nani?"

"Wewe, dada."

"Heshima hii ya nani?"

"Yako."

"Basi kama ni yangu, leo naiweka kando mimi mwenyewe. Niinue."

Sosaia alikuwa na miaka sitini na mmoja, na hakuwa amemgusa dada yake tangu akiwa mtoto wa miaka kumi. Alimwinua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na hilo lilimuumiza kuliko ile harufu. Njia nzima alimsikia akipumua.

Daktari hakuzunguka. Mngekuja wiki mbili nyuma, alisema, tungeondoa vidole viwili tukamaliza. Sasa ni chini ya goti. Melenaite akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei sokoni. Sosaia ndiye aliyetoka nje akaegemea ukuta.

Siku ya kumrudisha nyumbani, Lavinia akafungua mlango wa nyuma, akatandika mto. Sasa hapakuwa na mguu wa kunyoosha. Melenaite angeenea pale vizuri kabisa, na heshima ingerudi mahali pake. Sosaia naye alikuwa ameshageukia pembeni, kama inavyompasa.

"Funga huo mlango," Melenaite akasema. "Nakaa mbele."

"Wifi, lakini nyuma sasa unaenea."

"Naona. Ila kile cha mbele nimekilipia."

Sosaia akamfunga mkanda, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na dada yake akamwacha alie.