Filimbi ya Jumamosi

Ninyi vijana mnaokwenda semina za uongozi mkarudi na fulana zenye maandishi mgongoni, haya nawaandikia ninyi. Sina elimu ya kuwazidi. Niliishia darasa la nne, kule Chome, wakati wa Mwingereza. Lakini uongozi nilifundishwa, tena nikapewa na chombo chake. Kilikuwa filimbi.

Mwalimu wetu alianzisha kikundi cha Jumamosi. Kila mwezi mtoto mmoja alikuwa kiranja, akawapeleka wenzake kufagia kanisa, au kusomba mawe ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, mfereji ukibomoka, au kutafuta kuni za shule. Mwalimu hakufuatana nasi. Alikaa barazani akingoja kuona umewarudishaje.

Kabla yangu kiranja alikuwa mvulana mwenye sauti ya fahali. Aliwaita wenzake kwa majina mpaka watu wa ng'ambo ya bonde wakaitika. Mwalimu akamwuliza mbele yetu sote, "Wewe, unauza ndizi gulioni?" Tulicheka sana. Ndipo alipotoa filimbi ya bati mfukoni. "Kiongozi hapigi kelele. Anapuliza, watu wanakuja."

Mwezi uliofuata ikawa yangu. Nililala nayo shingoni.

Jumamosi moja tulikuwa tunapanda msituni kutafuta kuni. Mama mmoja jirani akanisimamisha njiani na bintiye mkononi, mtoto wa darasa la kwanza, meno ya mbele ndiyo yanaota.

"Huyu si wa kikundi chenu, lakini amenililia tangu asubuhi. Nenda naye. Umwangalie."

"Nimesikia, mama."

Na kweli nilisikia. Mtoto alinishika upindo wa nguo mpaka tukafika. Kule juu nikamwambia aniachie, nilikuwa na kazi. Nikasimama kwenye jiwe, nikawa napuliza: mara moja, kusanyikeni, mara mbili, fungeni mizigo. Walikuja mbio. Nilifurahi, siwafichi.

Ukungu wa Shengena, mlima wetu, haupigi hodi. Ulishuka tukiwa tunafunga kuni, na mti wa hatua tatu mbele hauuoni tena. Nikapuliza. Wakaja wote, ila yule mdogo. Nikapuliza tena, nikapuliza mpaka midomo ikafa ganzi.

Rafiki yangu akaniambia, "Si umwite kwa jina?"

"Mwalimu kasema filimbi."

"Mwalimu yuko barazani. Mwite."

"Kiranja ni nani hapa?"

Akarudi kwenye mzigo wake. Wengine nao hawakumwita, kwa sababu kiranja nilikuwa mimi. Nikapuliza tena, kisha nikawashusha nyumbani, nikijiambia kwamba mtoto ametangulia.

Hakuwa ametangulia. Wanaume walipanda na mbwa. Walimpata asubuhi ndani ya shina lenye uwazi, karibu sana na lile jiwe langu. Angeweza kunitupia kokoto ikanipata.

Mchana nilikwenda kumwona. Alikuwa amelazwa karibu na moto, anatetemeka chini ya blanketi mbili. Alinisalimia vizuri. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hukusikia filimbi?"

"Nilisikia."

"Mbona hukuja?"

"Bibi kasema, msituni ukisikia mluzi, huyo si mtu. Ujifiche, usiitike mpaka uitwe jina lako." Akakohoa. "Nilingoja uniite."

Kichomi kilimchukua siku ya nne. Jina lake silitaji hapa, kwa heshima ya wenyewe. Nililijua. Nililijua siku ile pia.

Hakuna aliyenigombeza. Mwalimu alinyoosha mkono, nikamrudishia filimbi, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa shingoni mwa mwingine. Mama wa mtoto nilimwamkia kila tulipokutana njiani, naye kila mara aliitikia, "Marahaba, mwanangu." Afadhali angenipiga.

Nilipoolewa nikashuka Same, penye jua na vumbi. Nilidhani mahali pasipo na ukungu nitapumzika. Lakini treni ikipiga honi stesheni nilisimama, kazi mkononi, nikageuka kutazama nyuma yangu. Mume wangu akiuliza natafuta nini, nilisema kuku. Hata sasa refa akipuliza kule uwanjani, upindo wa kanga yangu nausikia unavutwa.

Juzi mjukuu wangu, aliyechaguliwa kiranja shuleni kwake, alisimama mlangoni akampigia mdogo wake mluzi aje kula. Mdogo hakuja. Akapiga tena.

Niliweka mwiko chini. Niliwaita wote, wakubwa kwa wadogo, hata baba yao, nikawaambia: Kuanzia leo, katika nyumba hii hakuna kuitana kwa mluzi. Ukimtaka mtu, mwite kwa jina lake. Asipoitika, inuka, mfuate aliko, umwite tena. Na chakula kisiguswe mpaka awe amefika.