Winifred Halsall, Aliyekataa Kubusu Kibao

Alizaliwa mwaka 1809 katika chumba cha chini ya ardhi huko Harrowclough, mji wa viwanda vya pamba Lancashire, akabatizwa siku hiyohiyo kwa kuwa hakuna aliyetegemea angefika jioni. Alifika. Akiwa na miaka tisa aliingia kiwandani, na alipotimiza ishirini alikuwa mfumaji hodari.

Wafumaji walikuwa na desturi. Kila uzi ulipokwisha, walitia midomo kwenye tundu la kibao kinachopitisha uzi mtamboni, wakauvuta uzi mpya kwa pumzi. Desturi hiyo waliiita kubusu kibao. Mwaka 1834 Winifred alimfundisha kazi Honora Tighe, msichana mgeni kutoka Ireland, akampa vibao vya mwanamke aliyekufa kwa kifua kikuu. Kabla ya Pasaka ya pili Honora naye alikohoa damu, akafa, akazikwa. Winifred hakujisamehe, na sidhani alipaswa kujisamehe upesi.

Akatengeneza ndoano ya waya ya kuvutia uzi, asibusu tena. Wenzake wakamcheka.

“Mwenzetu siku hizi habusu, anangoja mume.”

“Cheka tu, shoga. Honora naye alicheka.”

Msimamizi, Bwana Aspinall, alimjia. “Winnie, hiyo ndoano inachelewesha kazi. Busu kibao au nenda zako.”

“Anza wewe, Bwana Aspinall.”

Aspinall alikichukua kibao, akakitazama, akakirudisha mezani. Kesho yake Winifred alikuta amefungiwa mlango wa kiwanda. Kwa miaka minne aliuguza wenye kifua, akiishi kwa uji wa kuomba, na kila asubuhi alisimama langoni akigawa ndoano. Hakuna aliyezichukua. Waliogopa kukosa mkate, tusiwalaumu.

Ugonjwa uleule ulimchukua tarehe 2 Februari 1839. Padre Eccleston alitega sikio mdomoni pake, lakini sauti ilikwisha kupotea, akasema kwa huzuni kwamba hakuacha neno. Miguuni pa kitanda walisimama wafumaji, karibu viziwi kwa kelele za mitambo, waliozoea kusomana midomo kazini.

“Amesema, Padre,” mmoja alijibu. “Amesema, ‘Kataeni wote. Hawezi kuwafukuza wote.’”

Jumatatu wanawake arobaini na mmoja walisimama kwenye mitambo na ndoano mkononi. Aspinall aliwatazama, akatazama saa, akawasha mitambo. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wameshaanza kukohoa, nao walizikwa kabla ya baridi kurudi.

Wapo wanaosimulia kwamba udongo wa kaburi lake hutuliza kifua. Huenda. Anayetaka kumwiga asianzie hapo. Aanze kwa kukiri ubaya aliomfundisha mwenzake, kisha awe wa kwanza kuuacha.