Ufa Nilioufunika kwa Lami

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, niliposimama katikati ya watu wanaocheka. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hawakupaswa kucheka, na nilikuwa nimefunga mdomo.

Ulikuwa mwaka wa Uhuru, wiki chache kabla ya bendera mpya kupandishwa. Kakamega mjini kila mwenye duka alitaka kufanya jambo la kuzungumzwa. Wengine walipaka kuta rangi. Bwana Karim, Mhindi mwenye hoteli karibu na soko, alikuwa mzaliwa wa Mombasa, naye alitaka bahari. Si picha ya bahari, ni bahari yenyewe ndani ya tangi la kioo, na samaki wakubwa wanaokula samaki wenzao wakiogelea mbele ya wateja wanaokunywa chai. Watu walisema ana wazimu. Sisi mafundi tulisema ana kazi.

Nilikuwa fundi kijana chini ya Mzee Lubanga, mtu mpole wa maneno machache. Alikuwa akigonga kioo kwa ukucha, anainamisha sikio, kisha anakuambia kama kitadumu. Tuliunga fremu ya chuma urefu wa kitanda, kimo cha kufika kifuani. Tukaipaka lami mara tatu, kwa sababu maji ya chumvi hula chuma bila kelele. Tukaweka vioo vinene vilivyotoka Kisumu, tukaziba pembe zote, tukajaza maji ya kisima ili tangi lijaribiwe wiki nzima.

Katikati ya wiki hiyo Mzee alipata habari kwamba ndugu yake amefariki huko Lugari. Akafunga safari. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Elisha, hizo nati za pembeni usiguse tena. Zimetosha."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake niliona tone moja la maji kwenye pembe ya chini, nikachukua spana. Nilikaza kidogo. Nikakaza tena. Nikasikia "tik", sauti ndogo kama ya mtu anayevunja kiberiti, na pale chini ya kioo cha mbele pakawa na ufa wa urefu wa ukucha.

Ningesema siku ile, mwanangu, tungemwaga maji ya kisima na kuagiza kioo kingine. Basi. Lakini nilikuwa nimewatangazia watu wote wa Khayega kwamba bahari ya Kakamega naijenga mimi. Huko Khayega ndiko kulikokuwa kwa Rispa, msichana niliyekuwa nimemposa, na ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshafika kwao. Nilichovya brashi kwenye lami nikaufunika ule ufa. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Mimi nilitaka kuficha na kuzaa pia.

Maji ya bahari yakaja kwa gari moshi hadi Kisumu, halafu kwa lori, ndani ya mapipa ya mbao. Samaki walikuwa na mapipa yao. Kulikuwa na chewa mmoja mzito kama mbuzi, na mikunga wawili, samaki warefu kama nyoka, wanene kama mkono wangu, wanaofungua na kufunga mdomo mchana kutwa kana kwamba wanakusengenya. Walipotupiwa nyama, chewa aliruka na kujigonga kwenye kioo hadi vikombe vikatetemeka mezani.

Kila asubuhi, tangu siku ile ya spana, nilipita pale nikijifanya nafuta kioo. Siku ya tatu, ufa ulikuwa umetoka nje ya lami. Siku ya sita ulifika urefu wa kidole. Siku ya nane ulikuwa kama kiganja, na Bwana Karim alidhani ni mkwaruzo tu. Nilikuwa naogopa, mwanangu, na sioni haya kusema. Obusuma, ugali wetu, niliuacha sahanini. Mtu akiangusha sufuria sokoni, naruka. Lakini kila siku niliyonyamaza ilifanya kesho yake iwe ngumu zaidi kusema, maana sasa ningeulizwa, "Na jana ulikuwa wapi?"

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Bwana Karim alikuwa amewaalika watu wote waje bure kuona samaki wakilishwa saa kumi. Hoteli ilijaa hadi mlangoni. Na nani akaingia na akina mama wa kanisa kutoka Khayega, na watoto wao? Mama yake Rispa.

Hapa lazima nikueleze, maana ninyi wa siku hizi mnakumbatiana tu na wakwe. Siku zile, nikimwona mama mkwe njiani, mimi ndiye niliyeingia kichakani apite. Kitu cha kumpa unakiweka chini, naye anakiokota. Kumgusa mkono ni jambo ambalo halikutamkwa.

Naye akaenda kusimama pale pale kwenye pembe ile, mjukuu mgongoni, kiganja kwenye kioo.

"Sasa huyu anakulanga nini?" aliwauliza wenzake. "Na mtu akimpika, si ako na chumvi tayari?"

Watu wakacheka. Mimi nilipiga hesabu. Nikipiga kelele, wote watajua nilificha. Nikimsogelea, nitakuwa nimevunja mwiko mbele ya kanisa zima. Nikafumba macho nikaomba chewa asiwe na njaa. Fikiria upumbavu huo: nilimwomba Mungu ashibishe samaki, sikumwomba anipe moyo.

Nilipofumbua macho, Mzee Lubanga alikuwa amesimama mlangoni, amerudi kutoka msibani, kichwa kimenyolewa. Alilitazama tangi, akanitazama mimi. Akapita katikati ya watu, akainama, akakwaruza lami kwa ukucha.

"Tangu lini?"

"Siku tisa, mzee."

Hakunitukana. Aliweka viganja vyote viwili kwenye ile pembe, akaegemea kwa uzito wake wote.

"Toa watu. Anza na huyo."

"Mzee, huyo ni mama mkwe wangu."

"Nimesema anza na huyo."

Bwana Karim alikuwa ameshapanda kwenye kiti na nyama mkononi, akihesabu kwa sauti ili watu washangilie. Nilimkamata mama mkwe mkono. Akina mama walipiga yowe, naye akanitazama kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili. Nilimvuta huku nikilia, "Tokeni! Kioo kinapasuka!" Watu wakaanza kusukumana kuelekea mlangoni. Nyama ikaanguka majini. Chewa akapanda.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama ukuni mkavu ukivunjwa gotini. Halafu maji yakanipiga mgongoni, nikaanguka, chumvi ikanijaa mdomoni. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuonja bahari. Watoto walikuwa juu ya meza wakilia, mikunga wakipita chini ya viti. Hakuna mtoto aliyeumia. Mzee Lubanga alikuwa ameketi ndani ya maji, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na maji pale alipoketi yalikuwa mekundu.

Wazee waliniamuru nipeleke kuku Khayega kusafisha ule mwiko. Mama mkwe alizungumza nami akiwa nyuma ya mlango.

"Mkono wako sikuuchukia, mkwe wangu. Huo mkono ulitutoa. Ile naichukia ni hizo siku tisa."

Rispa alinikubali hata hivyo, na ndiye huyo unayemsikia jikoni. Lakini vidole viwili vya Mzee Lubanga havikukunjika tena. Hakukata kioo tena maishani. Siku aliponiita kwake, alinipa almasi yake ya kukatia kioo, na alinipa kwa mkono wa kushoto. Mtu yule, ambaye hakuwahi kumpa mtu hata kikombe cha maji kwa kushoto. Nilipokea kwa mikono miwili, nikalia mbele yake.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nakuongezea, mwanangu: ufa haufunikwi kwa lami, unasemwa. Useme siku ile ile, ungali urefu wa ukucha. Utaona haya, watakucheka, na jioni watakuwa wamesahau. Ukiuficha, utakua, na siku ya kupasuka huenda anayeuegemea si wewe.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosea", na asikuache upokee chochote kutoka mkono uliolemaa kwa sababu yako. Nenda salama.