Dada Aliyetoka Chumba cha Nyuma

Mjukuu wangu ana kitabu hakimtoki mkononi. Juzi kanisomea: msichana anaingia msituni, anapewa nguvu za ajabu, anarudi kwao mtu mzima. "Bibi, si kitamu?" Nikamuuliza, nyumbani walijuaje kuwa aliyerudi ni yeye? Akacheka. Mimi sikucheka, rafiki yangu, maana swali hilo nililitafutia jibu nikiwa na miaka minane.

Ilikuwa Temeke, enzi za Mwingereza, nyumba yetu ya udongo na makuti imezungukwa na mihogo. Dada yangu alipovunja ungo aliwekwa ndani, kama ilivyokuwa desturi yetu Wazaramo. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja cha kamba. Ghafla chumba cha nyuma kikawekwa pazia la kaniki, nikaambiwa nisikaribie. Aliyeingia na kutoka ni kungwi, jirani yetu mwenye sauti nzito, na chungu chake kilichofunikwa. Wewe ungemwamini mtu anayefunika chungu kila akikupita? Nilisikia liwa ya kumpaka mwilini ikisagwa, kicheko kidogo, kisha kimya. Wali wa nazi ulipita mbele yangu, nikabaki na harufu.

Bibi yangu ndiye aliyeniponza. Jioni akikuna nazi alinisimulia msichana aliyeingia pangoni kuchota maji, jini likamvua ngozi, likaivaa, likarudi kwao. Lilipika, likafagia, likaamkia wazee. Walilitambua kwa jambo moja tu: ukiliita kwa jina la utotoni la yule msichana, haliitiki. Bibi alikuwa anajipitishia jioni. Mimi nilisikiliza kama shahidi wa kesi.

Baada ya karibu mwaka mzima dada akatolewa, ngoma na vigelegele, kabebwa mabegani. Nikamkazia macho. Dada niliyemjua alikuwa mweusi, mwembamba, na mdomo hautulii. Huyu alikuwa kanenepa, ngozi imetakata kwa kukosa jua, macho chini, sauti haisikiki. Akapewa hata jina jipya.

Kesho yake nilimkuta uani peke yake, akipepeta mchele. Nikamwita kwa jina la utotoni, lile nililompachika mwenyewe nilipokuwa bado sijui kutamka lake. Ungo ukasimama. Nikamwita tena. Hakuitika, akaendelea kupepeta.

Basi, nikawa na hakika. Siku saba zilizobaki kabla ya harusi yake sikula alichopika wala sikulala alipolala. Akinipa muhogo wa kuchoma, nawatupia kuku, halafu nakaa kuwatazama kama watakufa. Mama alinifinya: "We mtoto, una nini na mwenzio?" Nikamponyoka, kwani nilishaanza kumshuku hata yeye. Siku ya kupelekwa kwa mumewe, Mbagala, dada alininyooshea mikono. Nikamwambia mbele za watu, "Mrudishe dada yangu!" Akalia. Wanawake wakasema bibi harusi lazima alie.

Mbagala si mbali, lakini kila mama alipokwenda kumtazama nilijitia homa. Dada akafariki akijifungua mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa sijakanyaga kwake hata mara moja.

Miaka ikapita, zamu yangu ikafika. Kungwi yuleyule alinifunza kukaa, kusalimu, kunyamaza. Asubuhi ya kutolewa akaniambia, "Leo jina la utotoni tumelizika, mwanangu. Ukiitwa, usiitike. Ukiitika, unajitia mkosi na mumeo na watoto utakaowazaa."

"Hata akiniita ndugu yangu?"

"Ndugu ndio huita kwanza. Dada yako alinijia analia, ananiomba aitike mara moja tu, kwa ajili yako. Nikamkatalia."

Nililia hadi liwa ikanitoka usoni. Wakadhani naulilia utoto.

Vyumba vile havipo tena. Temeke ni matofali na mabati, watoto wanakua mchana kweupe, hakuna anayefichwa. Wazee wenzangu wakikutana barazani husikitikia ngoma, makungwi na adabu za zamani, nami huitikia kwa kichwa ili nisiwaudhi. Lakini mimi sililii desturi. Nalilia siku saba ambazo dada yangu alikuwa nyumbani, nami nikamkimbia.