Mashaka Yaliyomlea Haika

Wenzangu mliokulia upande wa Mamba na Marangu, wakati maji ya mfereji yakipita nyuma ya kila nyumba na simu ikiwa moja kwa kijiji kizima, mtakumbuka kwamba tulifundishwa kutomwamini mtu kabla hatujafundishwa kuhesabu. Gari lolote jekundu lililopanda mlima lilikuwa la mumiani, wanyonya damu. Tukiliona tulijitupa migombani na matumbo yetu yaliyojaa kiburu cha ndizi na maharage, tukabaki huko hadi mlio wake upotee. Aliyekupa pipi barabarani alikuwa na lake jambo. Aliyesifia ng'ombe wenu kwa sauti alikuwa na jicho baya. Hata mchungaji mgeni alipoletwa usharikani, wazee walimsikiliza mwaka mzima wakiwa wamekunja mikono.

Bingwa wa mashaka hayo alikuwa Mama Haika, jirani yetu wa mpaka mmoja wa mimea ya masale. Mimi na binti yake Haika tulizaliwa wiki moja. Mama yangu alikunywa mtori wa kila namna lakini maziwa hayakutoka, basi Mama Haika akatunyonyesha wote wawili, mmoja huku, mmoja huku. Urefu wote uliokuwa katika maziwa yale aliunywa mwenzangu. Tulipofika darasa la tano mimi nilimfikia kwapani, na leo hii ndipo nilipobaki.

Jioni, tukishakata majani ya ng'ombe, tulicheza rede uani kwao kwa mpira wa soksi. Hakuna aliyetaka Haika awe mrushaji. Mkono wake ulianzia upande mmoja wa ua ukamalizikia upande wa pili, na mpira ukikupata mgongoni ulikulaza kifudifudi. Siku moja, akiukimbilia mpira uliopotea, aliteleza akaangukia jiwe la mferejini. Goti la kushoto likavimba kama boga. Mama yake alilikanda kwa samli ya moto huku akimgombeza, na tangu hapo mvua zikikaribia Haika alilalamika goti.

Shuleni alicheza netiboli, na huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza namna urefu unavyoweza kumfanya mtu mshtakiwa. Kwenye mashindano ya tarafa mwalimu wa shule pinzani alisimamisha mchezo, akasema huyu si mwanafunzi, huyu ni mama wa watoto wawili. Watu walicheka. Haika hakucheka. Alikaa chini ya ukuta wa darasa, magoti kifuani, akijaribu kuwa mfupi.

Kocha Tito alimwona siku ya gulio, Himo, tulikokwenda na mama yake kuuza ndizi, akishusha mikungu ya ndizi kutoka juu ya lori bila kupanda kitu chochote. Alikuwa bwana mwembamba wa Moshi mjini, aliyefundisha mpira wa kikapu kwenye uwanja wa saruji wa mtaa wa Soweto. Alinunua ndizi ambazo ni wazi hakuzihitaji, kisha akasifu urefu wa Haika na kumwuliza umri wake. Ungedhani amemwuliza bei ya figo. Mama Haika aliweka mizani chini, akamtazama tangu viatu hadi kofia, halafu akatupakia sote kwenye gari la kurudi nyumbani na ndizi nyingine hazijauzwa. Njia nzima alirudia neno moja: "Mgeni anayekusifu kabla hajaketi, mtazame mikono."

Kocha alipanda mlima mara nyingi baada ya siku ile. Alikuja na mkewe, akaja na mwalimu wetu mkuu, akaja na mchungaji. Mwishowe Mama Haika alikubali binti ashuke mjini kila Jumamosi, kwa sharti kwamba na yeye atakuwepo. Basi akawepo. Alikaa kwenye tofali pembeni ya uwanja, akipukuchua maharage, na kando yake panga lililofungwa kwenye kanga. Akiulizwa la nini, alijibu kwamba atapitia kukata majani ya ng'ombe. Majani gani ya ng'ombe katikati ya Soweto, hakuna aliyethubutu kuuliza. Sisi wasichana tulioshuka naye tuliona aibu mpaka tukajifanya hatumjui. Kocha Tito alifundisha akiwa upande wa pili wa uwanja, na Haika alipohitaji kuonyeshwa namna ya kukunja mkono wakati wa kurusha, aliitwa msichana mwingine aje amwonyeshe.

Lakini mpira ulimpenda. Ulipogonga ubao na kurudi, mikono yake ilikuwa imeshafika. Baada ya kumaliza shule alichukuliwa na timu ya Dar es Salaam, na hakukaa sana huko, ikaja habari kwamba timu moja ya Ureno inamtaka aanzie kikosi chake cha vijana.

Kijiji kiligawanyika. Wapo walioona ni baraka, na wapo waliosema wazi kuwa huko wasichana weusi warefu wanapelekwa kufanya kazi zisizotajika. Mama Haika hakubishana na mtu. Siku ya kuaga tulikula machalari ya ndizi na nyama, tukasali, kisha akamvuta binti yake nyuma ya zizi, nami nikafuata kwa kuwa tulikuwa hatuachani. Alimwambia maneno machache. Ng'ombe wao aitwaye Sofia alikuwa amekufa zamani. Haika akipiga simu na mambo yakawa mabaya, na watu wakawa wanamsikiliza, asilie wala asieleze. Aulizie tu hali ya Sofia.

Kwa muda mrefu Sofia hakuulizwa. Haika alipiga simu dukani kwa Mzee Elia, tukaitwa tukimbie, akatusimulia baridi, na supu isiyo na chumvi, na kitanda kinachomwacha miguu nje. Alisema anacheza vizuri. Mama yake alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza injini ya gari analotaka kuuziwa.

Kisha siku moja ya masika, baada ya salamu, sauti ikasema kwa utaratibu, "Mama, Sofia hajambo?"

Mama Haika alishika kaunta. Akajibu kwamba Sofia hajambo, anakula vizuri. Simu ilipokatika alirudi nyumbani akatembea katikati ya kahawa mpaka jua likazama. Sisi hatukujua kilichotokea. Tulijua tu kwamba mtoto yuko taabani na sisi tuko mlimani.

Siku si nyingi baadaye akafika mgeni. Alijitambulisha kwa jina la Abilio, mtumishi wa ile timu ya Ureno. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Msumbiji, amelelewa karibu na mto Ruvuma, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu, laini, kizuri kuliko cha mwalimu wetu mkuu. Hilo ndilo lililommaliza. Sisi wenye Kiswahili cha kukwaruza tulijua kwamba mtu anayesema vizuri namna ile ana anachokitafuta. Na alichokuwa anauliza ni kimoja: Haika alizaliwa lini? Alimwuliza mama mwenye kilabu cha mbege, akaambiwa hamjui Haika. Alimwuliza Mzee Elia, akaambiwa yeye anauza sukari tu. Mzee mmoja alimpeleka kwa adabu hadi kijiji cha pili, akamwacha huko.

Alipofika kwa Mama Haika mimi nilikuwepo, nachambua kahawa. Alisema shikamoo, akajibiwa marahaba, maana hata mwizi hanyimwi salamu. Akaeleza kwamba timu pinzani imelalamika, imedai Haika amedanganya umri na karatasi zake si za kuaminika, kwamba ni mtu mzima anayecheza na watoto. Viongozi wamemwondoa kikosini na wanataka kumrudisha nyumbani kwa fedheha. Yeye ameomba atumwe aje aulize watu wenyewe. Mama Haika alimsikiliza akiendelea kufagia. Mwishoni alisema hana mtoto wa jina hilo.

Nilianza kuhisi kwamba mtu huyu pengine anasema kweli, lakini nikakumbuka Sofia, nikaendelea kuchambua kahawa.

Abilio akasimama, akafuta vumbi kwenye suruali. Alionekana amechoka kuliko alivyokasirika. "Sawa, mama," alisema. "Nitarudi niseme sikupata kitu. Ila nimesikitika. Mke wangu humkanda goti kila asubuhi kabla wenzake hawajaamka, asije akaonekana ni mgonjwa. Sijui nitamwambia nini."

Ufagio ulisimama. "Goti lipi?"

"La kushoto. Humwuma zaidi mvua ikikaribia."

Mama Haika aliketi palepale chini, miguu imenyooka mbele yake. Kisha akaniita. "Manka, njoo usimame hapa." Akanishika bega, akamwambia mgeni, "Huyu na Haika niliwanyonyesha pamoja. Wiki moja walizaliwa, Jumapili moja walibatizwa. Mtazame vizuri, halafu kawaambie wazungu wako kama huyu ni mama wa mtu."

Yule bwana alinitazama kuanzia kisigino hadi utosi, na haikumchukua muda. Akacheka mpaka akajifuta macho. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa na kumbukumbu nzuri ajabu. Mzee Elia alikumbuka, mama wa mbege alikumbuka, mchungaji mstaafu aliyetubatiza alikumbuka nani kati yetu alilia zaidi. Abilio alirudi na ushahidi wa midomo mingi, na Haika akarudishwa uwanjani.

Alicheza miaka mingi, Ureno kisha nchi nyingine, hadi goti likakataa kabisa. Kocha Tito hakuwahi kuambiwa ahsante kwa mdomo na Mama Haika, lakini kila Krismasi mkungu bora wa kihamba chake, shamba lake la nyumbani, ulishushwa Moshi mpaka mlangoni pake, hadi bibi yule alipofariki.

Sasa Haika anaishi Shirimatunda, nyumba ya kawaida, ng'ombe wa maziwa, na Jumamosi anafundisha mabinti mpira. Mashaka hayajamwacha. Watu wazima wanauliza kwa nini hakujenga ghorofa kama kweli alikuwa Ulaya. Vijana wana kesi nzito zaidi: wamemtafuta mtandaoni na hawakumwona. Kijana mmoja alimwambia mbele yangu, kwa huruma kabisa, "Anti, kama hakuna video, hiyo siyo historia." Haika alimpa mpira arushe. Haukufika kwenye ubao.

Lakini vijana hawahawa wasiomwamini Haika wanamwamini kila anayewaandikia kwenye simu. Mwaka jana binti mmoja wa mazoezini, mrefu, mwepesi, aliandikiwa na wakala ambaye hakuna aliyemwona uso. Alishamtumia picha zake na za pasipoti, na mama yake alishapokea pongezi za kanisa zima. Haika alikwenda kwao akauliza maswali, wakamwona ana wivu. Akaomba awasindikize Dar es Salaam kumwona huyo wakala. Walikaa kwenye ukumbi wa hoteli aliyoitaja mpaka wahudumu wakaanza kuwatazama. Hakutokea mtu, na namba haikupatikana tena.

Binti hakusema ahsante. Yeye na mama yake wanaamini mpaka leo kwamba wakala alifika, akamwona Haika amekaa pale na uso wake wa mashaka, akaondoka.

Enzi zetu tulimwonea aibu Mama Haika na panga lake, tukamsema njia nzima ya kurudi mlimani, lakini tukifika hatukulala bila kumpa shikamoo. Juzi nilikuwa na Haika sokoni tukapishana na yule binti. Alikuwa ameinamia simu yake, akapita kama aliyepita kando ya mti. Haika, aliye sawa na mama wa binti huyo kwa umri, aligeuka, akamsalimia yeye kwanza.