Mitupo Miwili ya Anita na Mdomo Wangu

Nimekosa, na sitafuti pa kujificha. Nilimuua binti wa jirani yangu kwa mdomo, asubuhi, nikiwa nimejilaza kwenye kochi. Kisha nikavaa kandambili nikaenda kumlilia. Binti mwenyewe yuko hai, mzima, kalala zake.

Najua mnacheka. Chekeni. Ningekuwa msomaji ningecheka mpaka nishike mbavu. Ila jirani yangu hacheki, na hapa ninapoishi hakuna tena anayetaka kunisikia. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi.

Niwaambie kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Ni Mzaramo, nimeishia kidato cha nne, nafanya kazi kwenye jiko linalopakia vyakula vya abiria wa ndege, hapa Euless, Texas. Nikitoka kazini sina safari. Wenzangu wana harusi, wana nyama choma, mimi nina kochi. Mke wangu husema siku nikifa wazike kochi tu, watakuwa wamenizika.

Houston sijawahi kufika, na ni humu humu Texas. Lakini timu za kikapu za chuo kimoja cha huko nazijua kama ndugu zangu. Tuna kundi la simu, waswahili wa huku na huku, na kazi yetu ni moja tu: kubishana kwa sauti za kurekodi. Ubishi mkubwa kuliko wote ni huu: katika historia ya chuo kile, nani mtu wa dakika ya mwisho? Yaani yule ambaye saa inaisha, timu iko nyuma, wenzake wanaukwepa mpira kama unachoma, yeye anauomba.

Wachezaji tumewabatiza majina yetu. Kuna mmoja wa zamani tunamwita Barafu, na mwingine Mzee wa Kona kwa sababu alikuwa akirusha akiwa kwenye kona ya uwanja. Swaleh, dereva wa lori kutoka Mombasa anayekaa Carrollton, ndiye wakili wa Barafu.

"Barafu ndiye baba lao! Yule mtu alikuwa hapumui! Ukimpa mpira wa mwisho, nenda kaoge!"

Mimi namjibu: "Swaleh, Barafu alifunga, lakini mpira aliupora nani? Mzee wa Kona! Bila yeye Barafu wako angefunga hewa. Na wewe endesha lori, utakuja kugonga watu kwa ubishi."

"Mzaramo wewe, mimi nilikuwa uwanjani siku ile! Wewe ulikuwa wapi? Kochini!"

Kweli, nilikuwa kochini. Raha tupu, jamani.

Sasa, jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu ni Baba Anita, Mrundi, anafanya kazi ya usiku kwenye bohari moja karibu na uwanja wa ndege. Mimi ndiye niliyemwingiza kundini. Binti yake Anita anachezea timu ya wanawake ya chuo hicho hicho. Nimemwona akidunda mpira kwenye maegesho ya magari hapa chini tangu ni mdogo, nikimpigia kelele dirishani kwamba ananiamsha.

Baba Anita hakuwahi kusema neno kundini. Anasikiliza tu. Mpaka siku moja, Anita alipofunga mpira wa mwisho na timu yake ikashinda. Tukasikia sauti ya upole, imejaa aibu:

"Ndugu zangu, samahani. Mnahesabu wavulana peke yao. Hiki chuo kina na wasichana. Anita wangu amefunga jana ile ya mwisho kabisa. Naomba na yeye mumuhesabu."

Mwanaume huyo alikuwa ameomba kitu kimoja tu tangu nimfahamu! Tukacheka, siyo kwa ubaya. Swaleh akasema apewe nafasi. Mimi, hakimu wa kochini, nikatoa hukumu: "Awe chini ya uangalizi kwanza. Mtu wa dakika ya mwisho hapimwi kwa mpira mmoja."

Hapa lazima niwaeleze habari ya utani, maana kosa langu limezaliwa humo.

Kwetu Wazaramo na watu wa bara, Wanyamwezi na Wasukuma, ni watani. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo ukacheka. Mtani wako akifiwa, unakwenda msibani unaingia kaburini unalala, hutoki mpaka wakupe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka shavuni. Nimekulia humo. Kwetu hata msiba unataniwa.

Baba Anita alikaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Basi nikajipigia akili zangu: Kigoma ni bara, watu wa bara ni watani wetu, kwa hiyo Mrundi huyu ni mtani wangu. Sikumuuliza! Nilijiteua, nikamteua na yeye. Nikimkuta anapandisha gunia la mchele ngazini namwambia, "Mrundi, leo umeiba wapi?" Yeye hutabasamu kidogo, hupita. Nikajua tunataniana.

Ikaja mechi ya mtoano, Ijumaa jioni, ugenini. Sekunde za mwisho, timu ya Anita iko nyuma kwa pointi moja, Anita kachezewa rafu. Akapewa mitupo huru miwili. Ile unasimama peke yako mstarini, hakuna anayekuzuia, na uwanja mzima unakutazama wewe. Nilikuwa nimesimama mbele ya runinga, nawaapia, mimi ambaye sisimami. Nilikuwa namwombea.

Wa kwanza ukagonga chuma. Wa pili ukazunguka ringini, ukatoka.

Niliumia. Hilo mniamini. Ila mimi nikiumia mdomo ndio unapata kazi.

Asubuhi yake, chai mkononi, nikabonyeza kurekodi. Nikaitengeneza sauti ile nzito ya kutangaza misiba, ile ambayo kila mtu wa huku anaijua, maana ndivyo tunavyopashana habari za vifo. Nikasema: "Ndugu zangu, kwa masikitiko makubwa tunatangaza msiba. Binti yetu Anita, wa Baba Anita wa hapa Euless, hatunaye tena."

Halafu nikanyamaza. Nikanyamaza kwa makusudi, eti kunogesha. Nikapiga na funda la chai.

Ndipo nikamalizia: "Hatunaye tena katika kundi la watu wa dakika ya mwisho. Marehemu amefia kwenye mstari wa mitupo huru. Mazishi yatafanyika kwa Swaleh, kila mtu aje na kikombe chake."

Nikatuma. Nikacheka peke yangu. Nikaiacha simu jikoni ichaji, nikarudi kochini kuangalia marudio.

Jamani, nani siku hizi anasikiliza sauti mpaka mwisho? Mtu akisikia "msiba" na "hatunaye tena", mkono tayari umeshabonyeza kusambaza. Ikatoka kwetu ikaingia kwenye kundi la kwaya ya Warundi, ikaenda Mansfield kwa shangazi yake Anita, ikaenda nisikokujua.

Mimi nikasikia milango ya magari huko nje. Nikachungulia dirishani. Nikaona wanawake wamejifunga vitenge, wanaume wamebeba viti vya plastiki, mwingine kakumbatia sufuria la kulishia harusi nzima. Wote wanaingia kwa Baba Anita.

Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri ni sherehe. Nikanuna! Nikamwambia mke wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini hospitali, "Unaona majirani hawa? Wanakula pilau hata kutuita hawatuiti."

Ndipo tukasikia kilio.

Sijui niliivaaje kandambili. Nilipoingia, Mama Anita alikuwa chini kwenye zulia, wanawake watatu wamemshika, kilemba kimemvuka. Baba Anita kasimama ukutani, bado kavaa kizibao chake cha kazi, anapiga simu, haipokelewi, anapiga tena. Mzee mmoja wa kwaya akanishika bega: "Pole, jirani. Tumempoteza Anita."

Nikaanguka. Nililia kuliko wote, jamani, wala utani wangu wa asubuhi haukunijia akilini! Nilimuona yule mtoto anadunda mpira kwenye maegesho. Nikasema moyoni, kumbe jana alipokosa ile mitupo alikuwa anaumwa. Nikamwendea Baba Anita nikamkumbatia, naye akanilalia begani kabisa, uzito wote. Sijawahi kushikwa na aibu kama ninapoikumbuka dakika hiyo.

Nikauliza huku nalia, "Nani kaleta habari?"

Mzee wa kwaya akatoa simu, akabonyeza.

Ikatoka sauti yangu.

Yarabi! Nilitamani kuruka niinyakue. "...hatunaye tena." Kisha ule ukimya wangu. Chumba kizima kikanisikia nikinywa chai. Kisha zikafuata zile za kikombe na mazishi kwa Swaleh, mpaka mwisho.

Bora wangenipiga. Baba Anita alijitoa begani kwangu taratibu, kama mtu anayeondoka kwenye ukuta wenye rangi mbichi. Mama Anita aliinua kichwa: "Yuko hai? Mtu aniambie, yuko hai?" Nikasema yuko hai, mama, ni utani. Hakuniamini. Kwa nini aniamini mimi?

Simu ikapokelewa. Anita alikuwa hotelini, alizima simu baada ya mechi akalala na huzuni yake. "Mom? What happened?" Mama yake alishika ile simu kwa mikono miwili akawa analia humo ndani, na binti huko anapiga kelele "Mom! Mom!" naye akidhani baba yake ndiye aliyekufa.

Nilirekodi sauti nyingine ya kuomba radhi. Niliitengeneza vizuri, bila mzaha. Hiyo haikusambazwa na mtu. Ile ya kwanza bado inatembea. Mpaka leo simu za pole zinaingia kwao kutoka Kigoma na Bujumbura, na bibi yake Anita kila asubuhi anataka asikie kwanza sauti ya mjukuu ndipo anywe uji.

Na Anita naye aliisikia, nzima. Mke wangu aliambiwa na Mama Anita, siku ya mwisho walipozungumza kama marafiki, kwamba siku hizi mtoto akisimama kwenye ule mstari mazoezini anamsikia Anko wa mlango wa pili anamtangaza. Anatupa, inatoka. Aliyekuwa ananiita Anko! Likizo hii hakuja nyumbani. Alisema hataki kupanda zile ngazi akakutana na mimi.

Mke wangu hakunionea huruma. "Wewe ungekuwa na kazi ya kufanya ungemuua nani?" Akazima runinga, akaondoka na rimoti.

Kundi limekufa. Hata Swaleh, mbishi yule, aliandika tu, "Mzaramo, leo sina la kusema," akatoka. Barafu na Mzee wa Kona sasa hawana mahakama.

Nyinyi mnaosoma haya, nawasihi. Ukitaka kumtania mtu, muulize kwanza kama naye anakutania. Na mtoto wa mwenzako akishindwa mbele za watu, mwache alale. Na simu, jamani, isikilizeni mpaka mwisho kabla hamjaituma kwa mama wa mtu!

Juzi nilimvizia Baba Anita kwenye masanduku ya barua, maana mlango hanifungulii. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamshika mkono, nikamwambia nimekosa, nitakwenda Houston mwenyewe nikampigie binti magoti, mimi ambaye hata Arlington hapo jirani naona mbali. Nikamwambia anisamehe, kwetu watani hata kwenye kaburi tunacheka, na yeye ni mtani wangu wa miaka yote hii, anajua nilivyo.

Alichukua barua zake. Alifunga sanduku. Akaniangalia bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

"Jirani," akasema, "mimi sijawahi kuwa mtani wako. Nilikuwa nakuvumilia."