Makofi Mawili

Nilikuwa na miaka mitano, na kazi niliyopewa ilikuwa moja tu: kuhakikisha vioo vimefunikwa. Mama aliuza vioo vya ukutani kwenye kibaraza pale Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani. Mdogo wangu Hamisi, ambaye hakuwa na jino hata moja, alilazwa kwenye boksi nyuma yake. Bibi alishasema.

"Mtoto asijione kabla ya meno. Akijiona, ulimi unafungwa."

Siku moja Mama alikwenda kuchota maji. Hamisi akalia mpaka pumzi ikamkatika. Nikafunua khanga, nikamwinulia kioo. Akanyamaza, akacheka. Mama aliporudi nilikuwa nimeshafunika.

Hamisi alifika miaka mitatu bila neno. Jirani muuza vitenge alimwambia Mama mbele ya wateja, "Mama Zuhura, umeuza vioo umenunua bubu." Bibi hakuuliza nani alifunua, alishaamua ni Mama. Mama aliapa, akaapa tena, mwishowe akachoka kuapa. Akaacha vioo, akauza vitunguu. Mimi nilimpangia mafungu.

Nilikuwa darasa la kwanza. Mwalimu alitufundisha kukata maneno kwa makofi, kila silabi na kofi lake. Nikaona dawa ndiyo hiyo. Kila nikitoka shule nilimkalisha Hamisi chini: ma-ma, mawili, Ha-mi-si, matatu. Nilidhani akitamka neno moja tu, kosa langu litafutika kabla halijajulikana. Nilimbana mashavu. Siku nyingine nilimfinya, labda silabi ingetoka pamoja na kilio. Kilitoka kilio.

Kisha siku moja, Mama akihudumia wateja, Hamisi akapiga makofi mawili. Akangoja. Akapiga tena mawili.

"Anataka nini huyu?"

"Anakuita," nikasema. "Ma-ma."

Mama aliketi juu ya gunia, akamshika mikono. "Abee, baba." Halafu akanigeukia. "Zuhura, nani kakutuma umfundishe?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema ni mwalimu.

Baadaye daktari alitueleza kwamba Hamisi alichelewa kupumua alipozaliwa, kioo hakihusiki. Mama aliitikia kwa heshima, na alikufa akijilaumu. Mimi namwamini daktari. Lakini wanangu wote wawili, nilifunika kioo cha kabati mpaka walipoota meno.

Hamisi anakaa kwangu. Akinihitaji hupiga makofi matatu, Zu-hu-ra, nami huacha sufuria jikoni nikaenda. Siku ile ya kioo, aliyeniona ni yeye peke yake.